Hesabu Nyuma Kutoka Mvua ya Mwisho

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Masika yakianza kulegea, bustani nyingi za mboga za nyuma ya nyumba, kuanzia Tanga hadi Mbagala, huachwa zijifie. Mchicha uliokomaa unatoa mashada ya mbegu, nyanya zenye madoa ya bakajani zinang'olewa, jembe linarudishwa stoo, na familia inarudi kununua mafungu gengeni hadi vuli ya Oktoba. Nyuma ya tabia hiyo kuna imani moja: kwamba bustani ni jambo la mvua, huanza nazo na kwisha nazo.

Safu hii inashikilia kinyume chake. Kwa mikoa yenye masika na vuli, wiki nane kuanzia mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Mei ndizo zenye uzito kuliko zote katika mwaka wa bustani ya nyumbani, na kipupwe cha Juni hadi Agosti ndicho msimu wake mzuri, wala si likizo yake. Anayepanda mvua za kwanza zinapogonga bati anaipeleka miche yake kwenye tope, magugu na ukungu. Anayepanda mvua zinapoaga anaipeleka kwenye hewa ya ubaridi, jua la kiasi na majani yasiyolowa usiku kucha, huku ardhi ikiwa bado imeshiba maji ya bure. Kikwazo chake ni muda. Akichelewa wiki mbili, maji hayo yatakuwa yameshuka mahali ambapo mizizi michanga haifiki.

Wenye bustani wa nchi za baridi wanaijua hesabu hii kwa sura nyingine. Mtu wa Ohio au wa kusini mwa Uingereza, majira yake ya joto yanapoelekea ukingoni mwezi Agosti, huanza kwa kukadiria siku ambayo jalidi ya kwanza huanguka kwao. Kisha hurudi nyuma wiki kwa wiki kulingana na umri wa kila zao, na pale anapofika ndipo anaposia mbegu. Dar es Salaam, Bagamoyo na Morogoro mjini hakuna jalidi ya kuogopa, lakini kuna siku yenye uzito uleule: siku ya mvua ya mwisho ya maana. Kuhesabu nyuma kunafaa huku kama kunavyofaa kule. Kinachobadilika ni siku inayohesabiwa.

Siku hiyo haimo kwenye kalenda ya ukutani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika kabla msimu haujashika kasi, na ndani yake kila kanda hutajiwa wakati unaotarajiwa wa mvua kuanza na wa mvua kwisha. Wengi husoma sehemu ya kuanza na kufunga ukurasa. Mwenye bustani ya mboga anahitaji zaidi sehemu ya kwisha. Katika maeneo mengi ya pwani ya kaskazini mwisho huo huangukia Mei, ingawa hauna ahadi. Mwaka 2024, watu walipokuwa wakidhani mvua zimeanza kuaga, kimbunga Hidaya kilifika karibu na kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei na kumwaga mvua kubwa kwenye ukanda wa pwani. Kwa hiyo utabiri wa msimu ni wa kupangia kazi, na utabiri wa siku chache zijazo ni wa kuamulia siku ya kuhamisha miche.

Tuseme mvua zinatarajiwa kwisha karibu na tarehe 25 Mei. Mche wa sukuma wiki unahitaji takriban wiki mbili za udongo wenye unyevu ili ushike vizuri baada ya kuhamishwa, kwa hiyo uwe shambani ifikapo tarehe 11 Mei. Kitaluni hukaa wiki nne hadi tano, kwa hiyo wiki ya pili ya Aprili isiikute mbegu bado imo kwenye pakiti. Nyanya hufuata hesabu inayokaribiana na hiyo. Ngogwe na pilipili hoho hukua polepole kitaluni, wiki sita hadi nane, na hizo inabidi zitangulie mwezi Machi. Mchicha hausubiri kitalu. Husiwa moja kwa moja kwenye tuta na kuvunwa baada ya wiki tatu au nne, hivyo tuta la mwisho la kutegemea mvua lisipite wiki ya kwanza ya Mei, na baada ya hapo mchicha husiwa kila baada ya wiki mbili kwa maji ya keni.

Udongo wenye maji na wenye njaa

Ili kuona kwa nini wiki chache zinaleta tofauti kubwa hivyo, itazamwe ardhi yenyewe. Aprili peke yake Dar es Salaam hupata kwa wastani zaidi ya milimita 200 za mvua. Julai haifiki 50. Kiasi kinachobaki ardhini kati ya miezi hiyo kinategemea aina ya udongo. Mchanga wa Kigamboni hushika takriban milimita 60 hadi 100 za maji yanayofaa mmea katika kila mita moja ya kina. Tifutifu lenye mfinyanzi hushika 150 hadi 200. Siku ya kawaida ya kipupwe, tuta lililofunikwa na majani ya mboga hunywa milimita 4 hadi 5, yaani lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba. Mche wenye mizizi ya sentimita 30 kwenye mchanga basi una akiba ya siku nne hadi saba tu. Mizizi hiyo ikifika sentimita 60, akiba inakuwa maradufu, na kwenye tifutifu inaweza kuvuka wiki tatu.

Tena ardhi hukauka kuanzia juu. Sentimita kumi za kwanza hupauka ndani ya siku chache za jua na upepo, wakati sentimita 40 chini bado kuna unyevu utakaodumu. Mzizi haupenyi udongo mkavu kwenda kutafuta maji yaliyo ng'ambo yake; hukua pale ulipo unyevu. Mche uliopandwa katikati ya Mei hufuatana na maji yanavyoshuka. Uliopandwa katikati ya Juni hukuta sehemu ya juu imeshakauka, na tangu siku hiyo unaishi kwa keni. Mwenye bustani husema mwaka huu jua ni kali, kumbe jua ni lile lile la mwaka jana na kilichobadilika ni tarehe ya kupanda.

Lakini maji yanayoshuka hayaendi mikono mitupu. Naitrojeni, chakula ambacho mboga za majani hukihitaji kuliko kingine, huchukuliwa na mizizi kwa sehemu kubwa katika umbo la naitreti. Naitreti ina chaji hasi, na chembe nyingi za udongo nazo zina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani. Milimita 200 zikipita kwenye mchanga huikokota naitreti hadi chini ya mizizi. Ndiyo maana tuta la mwisho wa masika linaweza kuwa na unyevu wa kutosha na bado likazaa mchicha wa rangi ya manjano.

Hapa ndipo kosa la kwanza linapotokea. Majani yakipata manjano, mtu husema ni kiu, akaongeza ndoo. Manjano ya njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini, yale makongwe, kwa sababu mmea hukitoa chakula huko na kukipeleka kwenye vichipukizi. Kiu hujionyesha kwa kunyauka, hasa mchana, majani yakibaki na rangi yake. Ndoo inayoongezwa kwa mmea wenye njaa huishusha hata naitreti kidogo iliyobaki. Dawa yake ni samadi iliyooza, kilo mbili kwa mita ya mraba, ichanganywe na udongo wa juu kabla ya kupanda. Debe moja hutosha takriban mita tano za mraba. Mwenye kutumia urea atosheke na gramu 10 kwa mita ya mraba kwa kila mgao, kama vizibo viwili vya soda, awamu mbili zikitenganishwa na wiki tatu hivi, mbali kidogo na shina na palipo na unyevu. Samadi mbichi ya kuku isiwekwe. Amonia yake huunguza mizizi, na vijidudu vyake vinaweza kufika kwenye majani ambayo watoto watakula.

Tuta la masika si tuta la kipupwe

Jambo linalosahaulika zaidi ni umbo la tuta. Wakati wa masika tuta huinuliwa sentimita 20 hivi ili maji ya ziada yatoroke na mizizi ipate hewa. Umbo hilohilo linapoachwa hadi Juni hugeuka hasara: maji ya keni huteremka pembeni, na upepo hulikausha tuta kutoka juu na kutoka ubavuni kwa pamoja. Mboga za kipupwe zinataka jaruba, yaani sehemu ya kupandia iliyo chini ya njia kwa sentimita 10 hadi 15, yenye kingo za kuzuia maji yasikimbie. Mabadiliko hayo hufanywa kwa reki na jembe katikati ya Mei, udongo ukiwa bado laini. Upande mmoja wa jaruba uachwe mfereji mdogo unaoweza kufunguliwa, kwa sababu ya mvua za kuchelewa kama zile za mwaka wa Hidaya.

Upepo nao una hesabu yake. Kusi huanza kushika Aprili na kuvuma kwa nguvu zaidi Juni na Julai, na ndio unaoongeza kiu ya mboga za pwani katika miezi ambayo joto lenyewe limepungua. Mstari wa mihogo, matete au mahindi upande wa kusini wa bustani hupunguza kasi yake, na mihogo inatoa kisamvu juu ya hayo. Wanaolima kwenye magunia, mtindo uliosambaa sana Kibera baada ya 2008 na ambao sasa uko kwenye vibaraza vingi vya miji yetu, wana sababu ya kuuogopa kusi zaidi ya wengine, kwa maana gunia hupoteza maji pande zote. Lisogezwe nyuma ya ukuta, na nguzo ya mawe ya katikati iwe wima kutoka chini hadi juu ili maji yafike kwenye miche ya chini.

Kisha kuna matandazo. Nyasi kavu, makuti yaliyokatwakatwa, majani ya migomba au pumba za mpunga, kwa unene wa sentimita tano hadi nane, hukinga udongo na jua na upepo na kuyafanya maji ya keni yadumu. Yawekwe udongo ukiwa umelowa, kwa kuwa matandazo yanayofunika udongo mkavu yanaulinda ukavu wake. Yaachane na shina kwa upana wa vidole viwili ili shina lisioze, na pale penye mchwa yatazamwe kila wiki. Unga wa mbao unaweza kutandazwa juu, lakini usichanganywe na udongo, kwa sababu bakteria wanaouozesha huchukua naitrojeni ileile ambayo mboga zinaihitaji.

Matuta na matandazo yakishapangwa, hali ya hewa ya kipupwe inamsaidia mwenye bustani kwa njia ambayo masika hayawezi. Februari usiku wa Dar es Salaam hukaribia nyuzi 25. Julai huweza kushuka chini ya 20. Nyanya hupata taabu kufunga matunda usiku unapokuwa wa joto la namna ya Februari, maana chavua hupoteza nguvu na maua hudondoka. Jamii ya kabichi, ikiwemo sukuma wiki na chainizi, hupendelea nyuzi 15 hadi 20 na kwa pwani hakuna miezi inayoikaribia hali hiyo kuliko Juni, Julai na Agosti. Bakajani nayo hulegea, kwa sababu mbegu za ukungu wake zinahitaji jani lililolowa kwa saa kadhaa ndipo ziote.

Wadudu ndio hubadilishana zamu. Mvua kubwa huwaosha vidukari na utitiri kutoka kwenye majani; ikikoma, huzaana bila kizuizi hicho, na mtu anayetazama majani kwa juu tu huchelewa kuwaona. Upande wa chini wa jani uangaliwe mara mbili kwa wiki. Vidukari wachache hupanguswa kwa kidole. Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, kikinyunyizwa jioni chini ya majani, huwamaliza wale wanaoguswa, na hakiachi sumu kwenye sufuria. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, husaidia pia dhidi ya viwavi wachanga. Dawa kali za dukani zinazoua kila kitu huwaua na mbawakawa wadogo wenye madoa wanaokula vidukari, na wiki mbili baadaye vidukari hurudi bustani ikiwa haina tena mlinzi.

Mdudu mmoja anastahili kutajwa peke yake. Kantangaze, nondo mwenye asili ya Amerika Kusini, aliingia Tanzania mwaka 2014, na hustawi zaidi wakati wa ukavu. Kiwavi wake huchimba vijia vyeupe ndani ya jani la nyanya, mahali ambapo dawa za kugusa hazimfikii. Kwa bustani ya nyumbani ushauri wa safu hii ni mkali kidogo: nyanya zisizidi mashina matano au sita, zisipandwe palipotoka nyanya au viazi mviringo, na kila jani lenye vijia lichumwe siku lilipoonekana, lifungwe kwenye mfuko na kuachwa juani. Anayetaka zao la tunda lenye kusumbuliwa kidogo kuliko nyanya achague ngogwe.

Yanayosemwa na yanayotokea

Husemwa kwamba kumwagilia mchana kunaunguza majani kwa sababu tone la maji hukusanya jua. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilipima jambo hilo na kukuta kwamba kwenye majani laini tone halileti madhara hayo. Hatari ilionekana kwenye majani yenye vinyweleo vinavyoliinua tone juu ya ngozi ya jani. Sababu ya kweli ya kuepuka mchana ni hasara ya maji yanayopaa. Asubuhi ndiyo saa nzuri kuliko zote, maana mmea huanza siku ukiwa umeshiba na majani hukauka mapema. Jioni inafaa ikiwa maji yatamwagwa kwenye udongo, si kwenye majani.

Husemwa pia kwamba majivu ya jikoni ni mbolea kamili. Majivu yana potasiamu na kalisi na hupunguza uchachu wa udongo, lakini hayana naitrojeni, kwa kuwa hiyo ilikwisha kupaa motoni. Konzi moja kwa mita ya mraba kwa msimu inatosha. Anayemwaga majivu ya mkaa kila siku kwenye mchicha wa manjano anauongezea kisichokosekana, na mwishowe udongo huwa wa magadi na madini mengine yakawa magumu kwa mizizi kuyapata.

Wengine huiacha ardhi wazi ili ipumzike hadi vuli. Ardhi tupu inayopigwa na jua la miezi minne hupoteza unyevu na mboji, na magugu yaliyobaki huangusha mbegu zitakazoota Oktoba. Kama nguvu au maji havitoshi kulima kila tuta, tuta lililobaki lipandwe matembele au kunde mwezi Mei. Marando ya matembele hushika upesi kwenye udongo wa mwisho wa masika, hufunika ardhi yenyewe, na huanza kuchumwa baada ya wiki chache. Kunde huvumilia ukavu, hutoa majani ya mboga, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani.

Mchicha unapochanua ungali mdogo, lawama huenda kwa mbegu mbovu. Mchicha ni mmea wa siku fupi, na kwetu siku ni za saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo uko tayari kuchanua wakati wowote. Kiu na kubanana ndivyo vinavyouharakisha. Upunguzwe mapema, upewe maji kwa utaratibu, na uvunwe kabla haujazeeka.

Jambo hilo la urefu wa siku linafunua udhaifu wa ushauri mwingi unaoenea kwa simu. Video za bustani za Ulaya na Marekani huhimiza kupanda kabla siku hazijafupika, na kwao ni kweli: London siku hupungua kutoka saa zaidi ya 16 mwezi Juni hadi chini ya 8 mwezi Desemba. Dar es Salaam tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Mboga zetu haziishiwi mwanga, huishiwa maji. Anayefuata tarehe za wenzetu wa kaskazini anafuata jibu la swali lisilo lake.

Njombe si Bagamoyo, wala Dodoma si Tanga

Kanuni ya kuhesabu nyuma inabaki, ila siku ya kuhesabiwa hubadilika kwa mahali. Njombe na Makete zina msimu mmoja wa mvua unaoelekea mwisho Aprili, na baada yake huja usiku wa Juni na Julai ambao jalidi huanguka kweli. Mwenye bustani wa huko ana siku mbili za kuchunga, ya mvua ya mwisho na ya jalidi ya kwanza. Mchicha na mgagani, mimea ya usanisinuru wa C4 kama mahindi, hupenda joto na hudumaa kwenye baridi hiyo. Sukuma wiki, kabichi, karoti na njegere huivumilia vizuri zaidi. Hewa ya baridi ni nzito na hutulia mabondeni, kwa hiyo tuta la mteremko huponea pale ambapo la bondeni huungua. Usiku wenye anga safi na utulivu miche ifunikwe kwa nyasi au magunia na kufunuliwa asubuhi. Na penye ukungu wa hewa unaolowesha majani hadi saa nne, kama Lushoto, bakajani chelewa haiondoki na mvua. Miche ipewe nafasi pana ili upepo upite.

Dodoma na Singida mvua zikiisha hazirudi kwa zaidi ya nusu mwaka. Kumwambia mtu asiye na kisima apambane na miezi hiyo kwa keni ni kumtwisha mzigo usio na faida. Kwake kazi ya mwisho wa mvua ni kuvuna kwa wingi na kukausha, ujuzi ambao wenyeji wa huko wanao katika mlenda na majani ya kunde. Maboresho yanayohitajika ni madogo: mboga zianikwe kivulini penye hewa badala ya jua kali, kwa sababu jua huharibu sehemu kubwa ya karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanaweza kutunza jaruba la mita mbili za mraba karibu na jiko. Maji yenye sabuni ya unga ya kufulia yasitumike mara kwa mara, kwani chumvi zake hukusanyika ardhini.

Mbegu nazo zina umri. Za vitunguu na karoti hupoteza nguvu ndani ya mwaka mmoja au miwili. Za nyanya hudumu zaidi. Mbegu 20 zikiviringishwa kwenye kitambaa chenye unyevu hutoa jibu kabla ya kupoteza tuta zima: zikiota chini ya 12, zinunuliwe nyingine. Utafiti wetu nao umefanya kazi inayostahili kutumiwa. Kituo cha utafiti cha Tengeru, kwa ushirikiano na kituo cha kimataifa cha mboga chenye ofisi Arusha tangu 1992, kilitoa nyanya za Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997, na mwaka 2011 zikaja aina za mchicha za Madiira. Hizi si chotara, kwa hiyo mbegu za mimea bora zinaweza kuhifadhiwa nyumbani kwa msimu unaofuata.

Yapo pia yasiyo mikononi mwa familia peke yake. Shule nyingi zina bustani, na hizo huanguka kila Juni wanafunzi wanapokwenda likizo, wakati uleule ambao zilipaswa kuanza kuzaa. Uongozi wa shule ungepanga zamu ya kumwagilia kabla ya kufunga, kipupwe kizima kingeingia kwenye sufuria ya wanafunzi. Mijini, wanaolima kando ya mito na mitaro wanahitaji maji safi kuliko wanavyohitaji semina. Vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya Mto Msimbazi vimeonyesha metali nzito, na metali hizo haziondoki kwa kuosha wala kuchemsha. Halmashauri zinazotenga viwanja vya michezo na maegesho zitenge pia maeneo ya bustani yenye bomba au kisima.

Kwa nyumba ya kawaida, kipimo cha kuanzia ni jaruba la mita mbili kwa tano. Linahitaji madebe mawili ya samadi iliyooza, matandazo ya kulifunika, na kipupwe kikishakolea, lita 40 hadi 50 za maji kwa siku zisizo na mvua, yaani ndoo mbili za lita 20 au zaidi kidogo. Mizizi iliyotangulia kushuka na matandazo mema hupunguza hitaji hilo. Nusu yake ipandwe sukuma wiki, robo mchicha wa awamu, robo matembele. Msomaji mwenye eneo la kiasi hicho autafute utabiri wa masika ujao utakapotoka, asome mstari wa mwisho wa mvua kwa kanda yake, auandike ukutani, kisha arudi nyuma wiki saba na kutia mbegu kitaluni siku hiyo.